Binti yangu kapata wani, udaktari kakosa, sasa hatoki chumbani

"Asalam alaykum. Mimi niko Wete, Pemba. Binti yangu ana miaka 19, kamaliza fomu siksi mwaka huu mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baolojia), kapata divisheni wani ya pointi 7. Tokea darasa la nne nyumba nzima tunamwita Dokta. Kaomba udaktari vyuo vitatu vya bara, raundi ya kwanza kakosa vyote, raundi ya pili kachaguliwa uuguzi ambao aliuweka tu kujaza nafasi. Mtoto wa kaka yangu ana pointi zile zile 7 na yeye kapata udaktari. Tokea siku hiyo mwanangu hatoki chumbani, chakula anadonoa, usiku anakesha na simu anafungua ile akaunti ya maombi labda pamebadilika, mpaka nkamnyang'anya. Namwambia huenda kheri imo katika unalolichukia, ananambia mama niache. Baba yake anasema ni deko, wifi yangu anasema kapigwa kijicho tumpeleke kwa mganga Konde. Chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo. Nimlazimishe aende uuguzi, au nimwache akae mwaka arudie mtihani? Na simu nimrejeshee?"

Waalaykum salaam dada yangu, na pole sana. Pole hii naanza kukupa wewe, halafu yeye, na mbele huko ntakwambia kwa nini.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Mara ya mwanzo nkaona ni swali la chuo tu, aende asende, arudie asirudie, na hayo nimeyazoea kwa sababu kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakishatoka na vyuo vikaanza kutoa majina simu yangu haipumziki. Mara ya tatu ndo nkaliona neno ulilolipita mbio mbio, kwamba tokea darasa la nne nyumba nzima mnamwita Dokta. Darasa la nne mtoto ana miaka kumi hivi. Maana yake kwa miaka tisa huyu akiitwa kula anaitwa Dokta, akitumwa dukani Dokta, akirudi chuoni (nakusudia chuo cha Kurani) na juzuu yake kifuani anapita barazani wazee wanamwambia Dokta wetu huyo anapita, utatudunga sindano isoumiza eeh. Sasa siku ile simu ilipomwambia hakuchaguliwa, dada yangu, kiti cha chuo kimeondoka na jina lake la kuitikia limeondoka nalo. Nyinyi mnaona kakosa kozi. Yeye hajui akitoka chumbani atoke kama nani.

Hilo ntalirudia, ila kwanza tuweke sawa hesabu maana naona mnaanza kumtazama kama mtoto aliefeli, na yeye mwenyewe ashaamini hivyo. Kwenye mtihani wa fomu siksi A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, unajumlisha masomo matatu ya mchepuo, na divisheni wani inaanzia 3 inaishia 9. Saba ya PCB ni kupasi kukubwa. Halafu kuna sifa za chini za kila kozi ambazo TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanazitoa kwenye mwongozo wao, na hizo kwa pointi 7 yaelekea binti yako kazivuka. Wazee wengi tunakomea hapo, tunasema sifa anazo, kwa nini wamnyime? Lakini dada, wewe mtu wa Pemba unajua safari za kukaribia sikukuu. Nauli unayo mkononi, umefika gatini mapema, mzigo umeufunga vizuri, na meli ina viti vyake, ikijaa imejaa. Aliebaki gatini hakubakishwa kwa sababu ana kasoro. Chuo nacho kina idadi yake ya viti vya udaktari, wanawapanga waombaji kutoka juu kuja chini, wenye 3, wenye 4, wenye 5, viti vikimalizika mstari unakatwa pale pale ulipofika, na mwaka huu umekatwa kabla ya kumfikia. Na vyuo vitatu alivyojaza kwa vyovyote ndo vile ambavyo kila mwenye wani ya PCB Tanzania nzima anavianza. Hakuna kikao kilichokaa kikamjadili mwanao kikasema huyu hafai udaktari. Hakuna hata mtu mmoja kwenye hiyo kazi anaemjua. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu kichwani mwake nakuhakikishia kuna kikao, na kila usiku kinakaa upya.

Na huyu binamu yake mwenye 7 yake, kwanza 7 na 7 zinaweza zikawa si moja. B mbili na C inakuja 7, na A moja na B na D inakuja 7 vile vile, na chuo kinaangalia jumla na kinaangalia pia gredi ya kila somo. Pili inategemea kaomba wapi, chuo kimoja kinaweza kukata juu na chengine kikashuka mpaka wakampata. Basi. Hapo hamna wa kuonewa na hamna mwizi.

Hilo la mwizi linanipeleka kwa wifi yako. Mimi Muislamu na jicho silikatai, msomee sura za Falaq na Nas akilala, mpulizie, ataona mama yake yupo na hilo peke yake ni dawa. Lakini kumtoa Wete kumpeleka Konde kwa mtu ni kumwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba ndani yake kuna kitu kibaya cha kutolewa, na kwamba kuna mtu kakifanya, na huyo mtu mtakaemtafuta mtamkuta kwa kaka yako. Utakuwa umepoteza pesa, na binti kapoteza binamu, na mwakani hao wawili huenda wakahitaji kupeana noti.

Baba yake nae mwambie kwa upole, maana kina baba wakiumia wanatoka na maneno makali, kwamba deko linataka watazamaji. Mtoto mwenye deko analia sebuleni, anasusa chakula mbele ya sinia ili watu waone kasusa. Huyu kajifungia, hataki hata kuonekana. Hiyo ni aibu, na aibu ukiikaripia inazidi kuchimba chini.

Halafu wewe na aya yako. Nisamehe ntakavyosema, aya ni ya kweli na mimi naishi nayo, ila wewe umeifanya kizibo. Yeye kafungua mdomo na wewe ukamtia kheri imo, na alichokisikia ni kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani, sasa ana aibu mbili. Nabii Yaaqub alipomkosa Yusuf alisema subira njema, na pamoja na hayo alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na yote mawili yamo kwenye sura moja. Kwa hivyo mwache alie kwanza. Hiyo aya ipo, haiendi popote, siku moja ataisema yeye mwenyewe kwa mdomo wake na hapo itakuwa na ladha nyengine kabisa.

Sasa turudi kwenye Dokta. Kwa nini mtoto aliezoea kufaulu anaanguka vibaya zaidi kuliko mwenzake wa divisheni thri ambae sasa hivi yuko uwanjani anacheza mpira? Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa skuli wa miaka kumi mpaka kumi na mbili. Waliwapa mafumbo mepesi, wote wakayaweza, kisha wengine wakaambiwa nyinyi lazima mna akili, wengine wakaambiwa lazima mmejitahidi. Sentensi moja tu ya tofauti. Baadae wakapewa mafumbo magumu wakashindwa wote, na mwisho wakarejeshewa mepesi. Wale waliosifiwa juhudi walifanya vizuri kuliko mwanzo. Wale waliosifiwa akili walishuka, wakawa hawataki kuendelea, na walipoambiwa waandike alama zao wampelekee mtoto wa skuli nyengine asiewajua, karibu 4 kati ya 10 waliongopa alama. Watoto wa miaka kumi, kwa mtu ambae hawatamuona maisha yao! Ukimwambia mtoto wewe NI akili, siku anayoshindwa anakuwa hana pa kuuweka huo ushinde ila kwake mwenyewe. Aliesifiwa kwa kazi anasema nilikosea pale, ntarudi. Aliesifiwa kwa jina anasema kumbe mimi sie.

Na hao walisifiwa mara moja tu. Wa kwako miaka tisa.

Niliwahi kuletewa kijana mmoja wa hapa Unguja, miaka imepita sasa, nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asijulikane. Mtoto wa kwanza kwao, kipanga wa skuli, uhandisi alioutaka kakosa, na nyumbani kasema kapata. Mama kamnunulia tranka jipya na neti, wamemsindikiza bandarini ndugu kumi na kitu, na kafika Dar es Salaam kaenda kulala chumbani kwa rafiki yake Mbagala anaeuza vocha. Miezi minne. Baba anatuma pesa ya ada, yeye anaiweka haitumii, anatuma picha kasimama nje ya geti la chuo. Mpaka ami yake siku moja alipokwenda bara kwa shughuli zake kampitia na kopo la visheti kutoka kwa mama, kuuliza jina ofisini halimo. Kijana yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau, kwamba kukosa chuo aliweza kuvumilia, alichoshindwa ni kuwa wa kwanza kumwambia mama kwamba aliekuwa akimpenda hayupo tena. Na mama yake nikamuuliza, wallahi akashangaa, yeye hajawahi kumpenda kwa ajili ya uhandisi hata siku moja. Lakini hakuwahi kumwambia hivyo, maana nani anasema vitu kama hivyo, tunadhani vinajulikana.

Kwa hiyo mwanao, shukuru, yeye angalau kajifungia chumba cha pili na mlango anakufungulia.

Na hapa ndo pa ile pole ya mwanzo. Wewe na wewe umepotelewa, dada yangu. Ulikuwa Mama Dokta. Shughulini ukikaa mkekani wenzako walikuwa wanakuuliza ule ugonjwa wao na wewe ukacheka ukasema subirini miaka sita, mitano ya kusoma na mmoja wa mazoezi hospitali. Sasa watu wanapita kukupa pole kama kuna maiti ndani, na wewe unapokea. Hiyo huzuni ni yako na ni halali, ila ipeleke kwa dada yako, kwa rafiki, kwenye sijda, usiilie kwenye korido ya chumba chake, kwa sababu akikusikia unalia anajua kaua. Mtoto kama huyu hawezi kupona mwenyewe huku anakuuguza na wewe. Wazee wengi ninaozungumza nao hapa ndo pagumu kuliko kote, kutofautisha kilio changu na kilio chake.

Sasa ufanye nini. Siku 21 zilizobaki zigawe. Siku 10 za mwanzo neno chuo lisitajwe na mtu yeyote mbele yake, si wewe, si baba, si bibi. Baba mpe kazi, maana ana hasira na hasira inataka mikono: apige simu kwenye hicho chuo aulize mwisho wa kuripoti ni lini, kuahirisha mwaka kunawezekana au nafasi inapotea, na aulize Bodi ya Mikopo ya Zanzibar itakuwaje akiahirisha au akibadilisha, aandike kwenye karatasi aiweke kabatini. Afanye kimya kimya.

Wewe kazi yako ni kumtoa chumbani bila kumwambia toka. Usimwite mje mzungumze, hamna kitu kinachomkimbiza mtoto wa miaka 19 kama mama aliekaa tayari kuzungumza. Mtafutie kazi ya mikono mkae ubavu kwa ubavu. Kama nyinyi ni watu wa karafuu na zipo za kuchambua, mwaga pakacha mkekani useme nisaidie mikono inaniuma, mchambue, karafuu huku makonyo huku, na wewe nyamaza. Kama hamna karafuu basi mchele wa kupeta, nazi za kukuna, nguo za mdogo wake za kutia vifungo. Mtu aliekata tamaa akisubiri moyo umrudi ndo ainuke hainuki, kwa sababu mwili uliolala mchana kutwa unauambia moyo kwamba hamna cha kuinukia, na moyo unaamini. Inakwenda kinyume, mikono inaanza na moyo unafuata nyuma polepole. Dakika ishirini za mwanzo hatosema kitu. Siku ya tatu au ya nne atasema.

Na akisema usirekebishe. Akikwambia mimi mjinga, usikimbilie wewe si mjinga una wani, kwa sababu ushaanza tena kumrejeshea lile lile jina. Mwambie naona inakuuma sana. Unyamaze. Halafu siku utakayoona macho yametulia mwambie, "Mwanangu, mimi nimekwita Dokta miaka yote hii na sikukuuliza hata siku moja kama unataka. Unataka nikwite vipi?" Usilifute jina ghafla kimya kimya, ataona mmemvua. Muulize. Anaweza kusema niite jina langu, anaweza akalia, anaweza akasema endelea. Lolote atakalosema ndo mtaita, na waambie mpaka wadogo zake.

Kama uliweka stetasi ya wani na koti jeupe kwenye simu yako, itoe. Na wapita njia watengenezee sentensi moja fupi muikubaliane wote, kwa mfano "matokeo yake mazuri alhamdulillahi, anapanga", ukishaisema ongeza "karibu chai" ubadilishe mazungumzo. Yeye asilazimike kumueleza mtu.

Kuna kitu chengine anachokiamini ambacho si kweli, na sisi sote tunakiamini tukiumia, kwamba atajisikia hivi hivi milele. Mwaka 2003 Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kimoja Marekani ambako nyumba za kulala zinagawiwa kwa bahati nasibu. Kabla ya kugawiwa waliulizwa mtakuwa na furaha kiasi gani mkipata ile nyumba mnayoitaka, na mkipata ile msioitaka? Walitabiri tofauti kubwa. Baada ya mwaka wakaulizwa tena, na waliopata nyumba nzuri na waliopata ile mbaya walikuwa karibu sawa. Wakati wa kutabiri walifikiria jengo, wakasahau kwamba wataishi na watu. Usimsomee hili sasa hivi atakwambia hayo ya bweni, mimi yangu udaktari. Lakini wewe lijue, ili ule uso wake wa leo usikutishe ukadhani ndo uso wake wa mwakani.

Siku ya kumi na moja, baba atoe karatasi yake, na binti ndie azungumze mwanzo. Swali la kumuuliza ni moja: kwenye udaktari ulikuwa unakipenda nini hasa? Mpe muda, na jibu lolote lisikukere hata akisema nilipenda kuitwa. Akisema napenda kukaa na wagonjwa, basi uuguzi si kujaza nafasi kama alivyodhani, muuguzi ndie anaekaa na mgonjwa saa nyingi kuliko daktari, ni digrii kamili na juu yake kuna masters. Akisema nilipenda dawa zinavyofanya kazi, kuna famasia. Akisema mimi upasuaji tu, toka nimeona mikono ya daktari alipomzalisha mama, basi huyo uuguzi usimlazimishe, utamfungisha ndoa asiyoitaka na mwaka wa kwanza atarudi na masomo aliyofeli ya kurudia.

Na msimpeleke uuguzi kwa ahadi ya kwamba akishaingia atahamia udaktari. Hiyo nnaiskia sana. Kuhama kozi kupo kwa masharti yake, ila lazima kuwe na nafasi, na udaktari ndo kozi ambayo nafasi hamna, ndo maana tumefika hapa.

Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea inawezekana, nawe uliza maswali magumu kabla hujafurahi. Somo gani lilimshusha na kwa nini? Kama fizikia ilikosa mwalimu nusu mwaka, hapo kuna kitu cha kuokota. Kama alisoma usiku na mchana na tuisheni juu na 7 ndo mwisho wa nguvu zake, mwaka mzima unaweza ukamrejeshea 7, au 8, na hapo mtakuwa na msiba wa pili. Masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, kwa hiyo mtafute kituo chenye maabara ya kweli, na usajili unafanyika miezi mingi kabla ya mtihani, msije mkaukumbuka Januari. Na asirudie akiwa amejifungia peke yake kwenye chumba kile kile, hapo mimi ntakataa kabisa. Awe na mwalimu, wenzake, na ratiba ya kutoka.

Njia nyengine ambayo watu wanaisahau ni kuomba tena mwakani kwa matokeo haya haya na orodha pana zaidi. SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wanasomesha udaktari hapa hapa kwetu na kwenye orodha yenu haimo, nyote mmeweka vyuo vya bara, na siwalaumu, tumezoea kuona chuo mpaka uvuke bahari. Ipo na diploma ya utabibu, miaka mitatu, mtu anatibu wagonjwa na baadae kwa ufaulu mzuri anaomba digrii. Ni njia ndefu na sikufichi kuna wanaoishia katikati kwa sababu mshahara umekuja na mume amekuja, na wengine wameridhika hapo hapo. Akikaa mwaka basi uwe na kazi ndani yake, akasomeshe baolojia skuli ya karibu kwa kujitolea, akajifunze kompyuta. Ukimuona anamuelezea mtoto wa fomu tuu moyo unavyopiga utafahamu kwa nini nimesema hilo.

Na maamuzi yawe yake. Hata akichagua ambacho wewe hukukitaka.

Sasa hili lisome taratibu. Huzuni ya namna hii wiki ya kwanza ni ya kawaida, ya pili inaanza kupungua, leo kala vizuri kesho kalia. Ikiwa zimepita wiki mbili na iko pale pale au inazidi, halali, hali, haogi, hana anachokifurahia hata kidogo, mpeleke hospitali. Ukisikia maneno kama bora nisingezaliwa, nyinyi mtapumzika, au ukaona anagawa vitu vyake, anaaga watu, usisubiri wiki mbili, ni siku hiyo hiyo. Na muulize wazi wazi, mwanangu unafikiria kujiua? Najua ulimi unakuwa mzito, watu wanadhani ukilitaja utamtia wazo. Haumtii. Kama halipo atakushangaa, kama lipo utakuwa mtu wa kwanza aliemruhusu kulisema. Akikubali usimwache peke yake hata chooni umsubiri mlangoni, toa ndani dawa za panya na za wadudu na vidonge vya presha vya bibi, na nendeni. Anzeni hospitali yenu hapo Wete, au Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani, ulizia huduma ya afya ya akili. Wakikuandikia kwenda Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, usitishike na jina. Najua huko kwetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu watu wanacheka wanazungusha kidole kichwani. Waache wazungushe. Wanaokwenda pale wengi wao wanarudi nyumbani na maisha yao na hutowajua ukikaa nao kwenye daladala.

Simu mrejeshee leo, usisubiri kesho. Ulimchukulia kwa nia njema ila umemkatia na rafiki zake, na wenzake waliokosa kama yeye wapo, wanaandikiana usiku, ndo watu pekee anaohisi wanamfahamu. Ile akaunti ndo ya kushughulikia. Mchana, jua limewaka, kaa nae muifungue pamoja mara moja, asome kilichoandikwa kwa sauti, mpige picha skrini muiweke, halafu atoke kwenye akaunti na wewe uandike lile neno la siri kwenye karatasi ulitie kwenye mkoba wako pamoja na vyeti. Mwambie raundi nyengine ikitangazwa mtaifungua wawili, mchana. Usiku simu ilale sebuleni inachaji, na ya kwako ilale hapo hapo.